Fundi Anajibu: Spotlaiti za barabarani zisikulie betri ya asubuhi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya cc 250 ninayosafiria mwisho wa wiki. Mwezi ujao mimi na wenzangu wawili tunatoka Dodoma kwenda Kolo kuona michoro ya miambani, na tutalala kwenye mahema. Taa yangu ya mbele ni hafifu, kwa hiyo nimenunua spotlaiti mbili za LED. Boksi linasema wati 60 kila moja. Nataka zinimulikie barabarani, halafu usiku zimulike kambi tupike na kupanga vitu. Fundi wa mtaani kwetu anasema ataziunga kwenye waya wa taa kubwa, kazi ya nusu saa. Je, betri itahimili?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwambie fundi asubiri kwanza, maana hapo umechanganya kazi mbili. Barabarani injini inazunguka na betri inachajiwa muda wote. Kambini injini imezimwa, na kila unachowasha kinakula akiba ile ile itakayopiga stata asubuhi.

Mimi somo hili nililipata Mtera. Tulikuwa wawili, tumepiga hema upande wa Dodoma, mbali na maji kwa sababu ya viboko na mamba. Tulinunua perege kwa wavuvi, nikageuza usukani ili spotlaiti zielekee jikoni. Tukapika, tukala, tukapiga soga, na taa zinawaka tangu saa moja na nusu mpaka karibu saa tatu. Asubuhi nabonyeza stata: tk, tk, tk, kisha kimya. Tuliisukuma kwenye mchanga mpaka mapaja yakatetemeka, ikakubali mara ya nne. Na ilikubali kwa kuwa ni ya kabureta. Kama yako ni ya injekta, pampu ya mafuta na kompyuta yake vyote vinataka umeme. Betri ikifa kabisa, mtasukuma bure.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua wati, gawanya kwa volti, unapata ampea. Taa mbili za wati 20 ni wati 40. Gawanya kwa 12, ni ampea 3.3. Betri za pikipiki za ukubwa wa yako nyingi ni za ampea-saa 7 au 8, yaani ampea moja kwa saa 7 au 8 (imeandikwa ubavuni, itazame). Kwa karatasi, betri ya 8 inaisha ndani ya saa mbili na nusu hivi, lakini stata inagoma mapema zaidi. Mimi sipendi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo taa kama hizo, injini ikiwa imezimwa, nazipa saa moja tu.

Kuhusu wati 60 za kwenye boksi, usiziamini mpaka upime. Niliwahi kupima jozi iliyoandikwa wati 120, ikavuta ampea 1.6 tu, yaani kama wati 20 kwa zote mbili. Zilikuwa zinamulika vizuri vilevile. Ila zako zikiwa kweli ni 60 kila moja, zitavuta ampea 10, na mfumo wa chaji wa pikipiki ya cc 250 nina shaka kama utazibeba pamoja na taa ya mbele. Weka mita ya volti kwenye betri, washa injini, pandisha mpaka mizunguko kama 4,000 kwa dakika. Inatakiwa isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Washa taa zote, usome tena. Ikishuka chini ya 13, ujue unatumia zaidi kuliko unachoingiza, na safari ya usiku itakuacha njiani.

Sasa ile nusu saa ya fundi wako. Waya wa taa kubwa na swichi yake vilitengenezwa kwa balbu iliyokuja na pikipiki. Ukiongeza mzigo pale, vidole vya swichi vinapata moto, plastiki inalainika, na siku moja unapoteza taa yote ukiwa kwenye kona. Dai rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Waya mnene utoke chanya ya betri, ukutane na fyuzi hapo hapo karibu na betri, usizidi sentimita 15, kisha uingie mguu namba 30 wa rilei. Mguu 87 unakwenda kwenye taa. Mguu 86 unapokea ishara kutoka waya wa ful ukipitia swichi ndogo kwenye usukani, na 85 unakwenda kwenye bodi, yaani chuma cha fremu. Kwa mpango huo ukiweka dimu, spotlaiti zinazima zenyewe, na dereva wa lori anayekuja mbele yako anaiona barabara. Hilo nalisisitiza sana. Barabara zetu usiku zina mikokoteni ya punda isiyo na taa wala kiakisi, na dereva uliyempofusha hataiona. Kwa taa za ampea 3 au 4, waya wa milimita za mraba 1.5 na fyuzi ya ampea 7.5 vinatosha.

Fyuzi usiruke hata kama fundi anasema si lazima. Kijana mmoja aliniletea pikipiki, fyuzi inakatika kila akikata kona ya kushoto. Nikafungua tangi, nikafuata waya mpaka shingoni mwa usukani. Pale gamba lilikuwa limelika, shaba inang'aa upana wa punje ya mchele, na kila usukani ukienda kushoto punje ile inagusa fremu. Ile fyuzi ndiyo iliyomwokoa, maana juu ya pale ni petroli. Kwa hiyo kabla ya kufunga waya kwa tai za plastiki, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uone waya haubanwi wala hauvutwi.

Zifunge chini, kwenye vyuma vya kulinda injini. Lami inafika Kolo, lakini ukiiacha kuelekea kwenye miamba ni vumbi, na kiangazi ukiwa nyuma ya gari vumbi linasimama kama ukuta. Taa iliyo sawa na macho yako inakurudishia mwanga wote usoni. Iliyo chini inapenya kidogo na kukuonyesha mashimo kwa vivuli vyake.

Kambini tumia kitu kingine kabisa. Kata mita moja ya ukanda wa LED wa volti 12, ule wa rangi ya njano, uufunge chini ya kiti kwa swichi na fyuzi yake ndogo ya ampea 2. Mita moja ya ule wa kawaida inavuta kama ampea 0.4. Saa nne ni ampea-saa 1.6, moja ya tano ya betri ya 8, na stata haitasikia. Mwanga wake unamwagika chini pale unapokatia vitunguu, haupigi mtu machoni. Ndani ya hema weka taa ndogo ya sola yenye betri yake, mchana ifunge juu ya mzigo ichaji mkiwa njiani. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, nunua hiyo ya sola kwanza.

Mkifika, pitieni ofisi ya mambo ya kale pale Kolo mpate mwongozo kabla ya kupanda miambani.

SWALI: Fundi, nimebadilisha balbu za indiketa nikaweka LED, sasa zinapepesa haraka haraka kama zimechanganyikiwa. Nimeharibu nini?
Dada wa Singida

JIBU: Hujaharibu kitu, dada yangu. Flasha, kile kifaa kinachozipepesa indiketa, ya zamani inategemea mzigo wa balbu za kawaida. LED zinavuta umeme kidogo mno, flasha inadhani balbu moja imeungua, inakimbia. Nunua flasha ya elektroniki ya LED, uende na ya zamani dukani ili miguu ilingane, kwani zipo za miguu miwili na mitatu.