Programu ya mashine ya plasma: anza na tochi, mchoro baadaye

Kila anayejiundia meza ya plasma ya kompyuta, ile inayokata mabamba ya chuma kwa mwale wa umeme, hapa Mombasa huniuliza kwanza: "Fundi, nichoree kwa programu gani?" Hilo ni swali la mwisho. Kuchora utachora kwa chochote. Itakayokuliza ni programu inayoendesha mota, hasa jinsi inavyoshusha na kupandisha tochi (kile kichwa kinachokata) bamba likianza kujikunja kwa joto.

Kazi ziko tatu. Kuna kuchora umbo, kuna kuligeuza umbo liwe njia ya tochi (ndio huo msimbo wa G), na kuna kuisogeza mashine yenyewe. Mimi huchagua kuanzia mwisho nikirudi mwanzo.

Ukikata bamba la milimita 1.5 au 2 la grili, litainuka tu, hata ulibane vipi. Mwale wa plasma ukirefuka volti hupanda, ukifupika hushuka, na programu nzuri husoma volti hizo na kuirudisha tochi kwenye urefu wake. Taabu iko kwenye kona. Mashine ikifika kona hupunguza mwendo, mkato unapanuka, volti zinapanda. Programu isiyojua plasma inadhani tochi iko juu mno, inaishusha, nayo inaparamia bamba. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni hili: mwendo ukipungua, inajua kuacha kurekebisha urefu?

Kati ya programu za kuendesha mota, GRBL, ile inayokaa kwenye kadi ndogo ya Arduino Uno, yenyewe haina habari na urefu wa tochi. Ni rahisi na inafaa kujifunzia, lakini kwa mabamba membamba utalazimika kununua kifaa cha pembeni cha kufanya kazi hiyo. Mach3 utaikuta kwa mafundi wengi, mara nyingi nakala ya wizi iliyopitishwa kwa flashi. Iliundwa enzi za tundu la printa lile pana, na dereva yake ya tundu hilo haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, kwa hiyo unaishia kulea kompyuta kuukuu ama kununua kadi ya kando. Toleo lake la bure husoma mistari 500 ya msimbo tu, na ua moja la geti linaweza kuimaliza.

Mimi niko upande wa LinuxCNC pamoja na sehemu yake ya QtPlasmaC. Ni ya bure kabisa, na imetengenezwa na watu wanaokata vyuma. Kona inazijua. Matundu madogo unaweza kuiambia iyakate polepole, kwa asilimia 60 ya mwendo wa kawaida. Mkato ukiharibika katikati, unaisimamisha, unairudisha tochi nyuma kwenye njia ileile, unaendelea. Stima ikipotea, na mwajua stima zetu, unaanzia mstari uliokatikia, mradi mashine ina swichi za kuitafutia mwanzo wake na bamba halijasogea. Gharama iko kwenye kadi ya kuunganisha kompyuta na mashine: za Mesa ndizo zinazopendekezwa, na ni za kuagiza ng'ambo. Kabla ya kuagiza, weka LinuxCNC kwenye kompyuta yako, uendeshe kipimo chake cha ucheleweshaji (cha kuona kama kompyuta inachelewa kutuma amri) huku umefungua video na madirisha kadhaa. Laptopu nyingi hufeli hapo. Kompyuta ya mezani iliyotumika huwa salama zaidi.

Programu ya katikati ndiyo pekee ambayo ningeitolea pesa. SheetCam huijaribu bure hadi mistari 180, na inajua mambo ya plasma: upana wa mkato, kuchelewa kidogo wakati wa kutoboa, na kuingilia kutoka pembeni ili shimo la kutobolea libaki kwenye taka. Upande wa kulia wa mwendo wa tochi ndio unaotoka wima zaidi, kwa sababu hewa huzunguka ndani ya tochi. Basi umbo la nje likatwe kufuata saa, matundu kinyume chake, ili upande huo ubaki kwenye kazi yako. Programu isiyokuruhusu kupanga hivyo iache. Fusion nayo inachora na kutoa njia kwa pamoja, ila leseni yake ya bure hukuruhusu faili 10 za kuhariri kwa wakati mmoja, na kasi ya kuhama bila kukata imefinywa.

Na kabla hujalaumu programu yoyote, toa maji yaliyojikusanya ndani ya kompresa inayoipa tochi hewa. Kwa unyevu huu wa pwani, mkato mchafu mara nyingi ni maji. Mashine ya plasma inayowasha mwale kwa umeme wa masafa ya juu nayo huvuruga waya za USB. Hilo haliponywi na programu.

Sasa kuchora. Inkscape inatosha: haina malipo na inatoa faili za DXF, ambazo programu ya katikati huzisoma. Ukiigeuza picha kuwa mistari, punguza vituo vyake (vile vinukta vinavyounganisha mistari), la sivyo mashine itatetemeka kila milimita. Wengi wetu huombwa maandishi ya Kiarabu juu ya geti. Nukta za ba na ta hazijashikana na herufi, kwa hiyo ukiyaacha maneno yenyewe yawe chuma zitadondoka, na ukiyatoboa maneno ndani ya bamba, kitakachodondoka ni tumbo la mim. Vijidaraja vya milimita 3 au 4 vitie kwenye mchoro wenyewe, kisha umwonyeshe mteja kwenye karatasi kabla tochi haijawaka, maana wapo wasiotaka hata kidaraja kimoja kwenye Bismillahi yao. Hao nukta zao utazichomelea kwa mkono.