Kabla hujailaumu programu, iulize chipu namba yake

Friza ya shangazi yangu iko Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Samaki anawafuata soko la Deep Sea alfajiri. Swichi ikiruka usiku hajui mpaka asubuhi, akute changu wamelainika na mtaji umekwenda. Nikamwahidi kifaa cha kupima joto kitakachonitumia taarifa nyumbani.

Nilianza na Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta unayoipangia kazi mwenyewe, na kijibodi cha itheneti (mtandao wa waya) chenye chipu ya ENC28J60. Kilifanya kazi dakika kumi, kikanyamaza. Wiki mbili nzima nilikuwa naandika upya programu, na programu haikuwa na kosa. Chipu ile inaporusha data inaweza kula hadi miliampia 180, ilhali pini ya volti 3.3 ya Uno imepangiwa 50 tu. Ilikuwa inazimia kwa njaa! Nilipoipa umeme wake peke yake ikatulia.

Ikatulia, lakini nafasi ikawa finyu. Uno ina ramu, yaani kumbukumbu ya kazi, ya kilobaiti 2, na fremu moja ya itheneti, yaani furushi moja la data, hufika baiti 1,518. ENC28J60 inakuachia wewe kazi yote ya TCP/IP (kanuni za mawasiliano ya intaneti), kwa hiyo draiva, yaani programu inayoiendesha chipu, na vipimo vyako vinagombania chumba kimoja. Ndiyo maana namshauri anayeanza achukue chipu nyingine ya itheneti, W5500: TCP/IP imo ndani ya chipu, soketi (njia za mawasiliano kwa wakati mmoja) 8, kumbukumbu yake kilobaiti 32, na draiva inabaki kazi ya kusoma na kuandika rejista (vijisanduku vya namba ndani ya chipu) kwa SPI, yaani nyaya chache zinazoiunganisha na bodi. Ukitaka kutumia lwIP, programu ndogo ya TCP/IP aliyoianzisha Adam Dunkels kule Sweden, basi panda kwenye ESP32, chipu kubwa kuliko ya Uno, yenye ramu ya kilobaiti 520.

Anwani ya MAC, namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, nayo uiangalie. ENC28J60 na W5500 zote haziji nayo, unaiandika mwenyewe. Ukinakili mfano uleule kwenye vifaa viwili vya mtandao mmoja, vitapokonyana pakiti.

Siku hizi siandiki mstari wowote wa mtandao kabla ya kusoma rejista ya toleo, ile inayotaja namba ya chipu. Kwenye W5500 ni anwani 0x0039, na jibu lazima liwe 4. Ukipata 0 au 255, acha kompyuta, shika testa, fuata waya mmoja mmoja. Kwa hapa Tanga anza na pini zenyewe, maana hewa ya chumvi inazila mapema, hasa kando ya friza inayovuja maji.