Rivolva ndogo ya kiunoni: kaliba gani? Jibu kwa ndugu zangu wa Texas

Tangu nirudi Lubumbashi, ndugu walioko Texas hawaniachi WhatsApp: "Yaya, wewe uliyefanya ulinzi huku, ninunue rivolva ya kaliba gani ya kubeba chini ya shati?" Leo nawajibu wote kwa pamoja. Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, risasi hukaa kwenye matundu yake; kaliba ni unene wa risasi. Sisi tuliobaki hapa Lubumbashi, kwenye komini za Kenya na Katuba, tusome tu. Kwetu raia habebi bastola bila ruhusa ya serikali, na hata walinzi wa kampuni wanaokesha getini hawana bunduki. Mwenye silaha ni polisi anayewekwa pamoja nao.

Karatasi kwanza. Tangu Septemba 2021, Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi kubeba bastola bila leseni, mradi hana kizuizi cha kisheria. Lakini sheria ya Marekani nzima kwa kawaida inamkataza mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, hata kuimiliki. Mwenye ukaazi wa kudumu haguswi na katazo hilo.

Sasa vijana wote wanataka .357 Magnum, kwa sababu ya jina. Risasi hiyo ilitoka miaka ya 1930, na shinikizo lake ni kama mara mbili ya .38 Special. Kwenye rivolva kubwa ya chuma, sawa. Kwenye ile nyepesi isiyofika nusu kilo, inapiga teke la punda: kiganja kinawaka, moto unatoka mtutuni, na risasi ya pili inakwenda usikokujua. Kuna jambo wauzaji hawalitaji. Teke likiwa kali na bastola ikiwa nyepesi, vichwa vya risasi zilizobaki vinaweza kuchomoka kidogo kidogo kutoka kwenye maganda yake, kimoja kikatokeza mbele na kuizuia silinda isizunguke. Na mtutu ukiwa mfupi, fimbo ya kusukumia maganda nayo ni fupi; maganda ya .357 yaliyovimba hubaki nusu ndani, nusu nje, unayavuta kwa kucha.

Chaguo langu ni .38 Special. Ni risasi ya tangu mwisho wa karne ya 19, na bado inauzwa kila duka la silaha. Rivolva ndogo ya kaliba hii hubeba risasi tano. Anza na zile za kichwa bapa za kulengea shabaha: teke lake ni dogo, nazo zinatoboa pale ulipoelekeza. Ukinunua rivolva ya .357 ukailisha .38, inakubali bila shida. Kinyume chake hapana, ganda la .357 ni refu zaidi kwa milimita 3 hivi, kwa makusudi.

.22 inawavutia wengi: teke karibu hakuna, rivolva nyingine ndogo zinabeba nane, risasi ni za bei rahisi. Ila fataki yake (kiwashio cha baruti) iko ukingoni mwa ganda, na mara nyingine hailipuki. Kwenye rivolva unavuta tena, tundu lingine linakuja. Tatizo ni huko kuvuta kwenyewe: ili nyundo igonge ukingo kwa nguvu ya kutosha, springi huwa ngumu, kwa hiyo kifyatulio cha .22 mara nyingi ni kizito kuliko cha .38. Mama mwenye vidole vinavyouma anapewa .22 "kwa sababu ni laini", halafu anashindwa kuivuta. Nimeliona hilo kwenye uwanja wa shabaha, na muuzaji alikuwa amekwisha kupokea pesa.

Mtu wa namna hiyo ningemwelekeza kwenye .32 H&R Magnum, iliyotoka 1984. Teke ni pungufu ya .38, na silinda ileile ndogo inaingiza sita badala ya tano. Kabla ya kulipa, pita dukani kwenu uone kama risasi za .32 zipo kwenye rafu. Zikiwa hazipo, chukua .38, na ala ngumu inayofunika kifyatulio chote.