Kushuka White Rim peke yako: panga kuanzia pale utakapokwama

Ndugu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama inafaa kuingia peke yako na gari katika makorongo ya jangwa la Utah mwezi wa Julai kwa kuwa ndipo unapopata likizo, kama Toyota 4Runner uliyoinunua mkononi mwa mtu inatosha, na kama uanze na eneo la Maze au na barabara ya White Rim, zote za Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands. Mimi ni mkazi wa Salt Lake City kwa miaka mingi, na White Rim nimeipita katika misimu tofauti, mara nikiwa na wenzangu na mara nikiwa peke yangu. Kwa kifupi, anza na White Rim, usiende Julai, na gari hilo linatosha iwapo fowili yake, yaani mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, inafanya kazi sawasawa pamoja na gia nzito. Sasa nieleze kwa nini.

Watu wanaokwenda na magari mawili wanaweza kupanga jinsi ya kufika tu, kwa sababu moja likishindwa jingine litalivuta. Wewe huna jingine. Kwa hiyo chukua ramani, tafuta mahali palipo mbali kuliko pote na lami, kisha ujiulize: gari likizimika hapa utakunywa nini, utalala wapi, nani atajua kwamba umekwama, na atajua lini? Katika White Rim mahali hapo ni karibu na kambi ya White Crack, kwenye ncha ya kusini, ambako upande wowote utakaogeukia kuna zaidi ya kilomita 50 za mawe na mchanga kabla ya kuiona lami. Masafa hayo hayatembeleki kwa miguu wakati wa joto. Atakayekwama hapo atakaa na gari lake asubiri, na ndiyo maana maandalizi yote yapimwe kwa siku za kusubiri.

Kwa wasioijua, White Rim ni mzunguko wa kilomita 160 hivi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands, jirani na mji wa Moab. Inafuata ukingo wa mwamba mweupe ulio chini ya uwanda wa Island in the Sky, na chini yake tena yamechimbika makorongo ya mto Colorado upande wa mashariki na mto Green upande wa magharibi. Njia yenyewe ilitengenezwa miaka ya 1950 na Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani kwa ajili ya watafuta urani, kabla hifadhi haijaanzishwa mwaka 1964, na bado ina sura ya njia ya wachimbaji. Njiani hakuna duka, hakuna mafuta, hakuna maji ya kunywa, na simu haishiki kwa sehemu kubwa. Kibali ni lazima, hata kwa anayekwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na vya kulala kwenye kambi huwahiwa mapema sana katika majira ya machipuko na ya kupukutika majani. Usiku unalala kwenye kambi iliyoandikwa katika kibali tu. Mbwa haruhusiwi, moto wa kuni hauruhusiwi, na usikanyage nje ya njia, kwa kuwa ganda lile jeusi la udongo ni kitu hai na likivunjwa huchukua miaka mingi kupona.

Kuhusu Julai sitazunguka. Joto la mchana hupita nyuzi 38 mara kwa mara, kivuli ni cha kutafuta, na kuanzia mwishoni mwa mwezi huo hadi Septemba huja mvua za radi zinazoleta mafuriko ya ghafla. Aliyewahi kuvuka laga kule Marsabit analifahamu jambo hili: mbingu iliyo juu yako ni ya buluu, mvua imenyesha mbali usikokuona, na mto wa mchanga uliokuwa mkavu asubuhi unashuka na magogo mchana. Agosti 2010 mvua ya namna hiyo iliibomoa barabara ya kona kona ya Mineral Bottom, ambayo ni njia ya kuingilia na kutokea upande wa mto Green, nayo ilibaki imefungwa kwa miezi. Wakati wa baridi nako kuna barafu kwenye mteremko wa Shafer, mlango wa upande wa mashariki. Ukiweza kuihamisha likizo, omba Aprili au Mei, au kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba, ukijua kwamba usiku wa miezi hiyo unaweza kukaribia sifuri.

Maji ndiyo hesabu ya kwanza. Hifadhi inapendekeza angalau lita nne kwa mtu kwa siku, lakini mimi kwa safari ya peke yangu huweka lita sita, nikazidisha kwa siku tatu za safari na siku tatu za kusubiri, yaani lita 36 zisizoguswa kwa kuosha vyombo wala kwa radieta. Yagawe katika madumu kadhaa, kwa maana dumu moja kubwa likipasuka kwa mtikisiko umepoteza yote. Usitegemee mto. Maji ya Green na ya Colorado yana tope jingi mno, huziba kichujio baada ya muda mfupi, na hata ukiyaacha yatuame bado unahitaji kuyatibu. Mafuta jaza Moab hadi juu, kisha uhesabu kwamba gari litakula nusu zaidi ya kawaida yake, kwani utajikokota kwa gia nzito saa nyingi huku injini ikinguruma na mshale wa mwendo ukiwa karibu hausogei.

Sasa gari. Watu hutumia fedha nyingi kwa winchi na taa za juu, ilhali kinachowakwamisha wengi pale ni tairi. Kingo za mwamba ule zina ncha, nazo hazichomi uso wa tairi bali hupasua ubavu, na ubavu ukipasuka vijiti vya kuzibia havitakusaidia. Kabla ya safari lala chini upapase ubavu wa ndani wa kila tairi kwa vidole, upande ambao fundi wa kuosha hauoni. Ukisikia uvimbe au mpasuko hata mdogo, badilisha. Spea iwe ya kipimo kile kile, tena ishushwe na kupandishwa ukiwa bado nyumbani, maana waya wa kuning'iniza spea chini ya magari haya hushika kutu, na wili spana inayokuja na gari mara nyingi ni fupi mno kwa nati zilizokazwa na mashine ya gereji. Chukua pia kipande cha ubao cha kuwekea jeki, la sivyo itazama mchangani. Ukiingia kwenye njia punguza upepo hadi paundi 22 au 25 ili tairi ijilaze juu ya mawe, na hii ina maana kwamba pampu ya umeme ya kujazia si pambo. Ongeza beleshi, kamba ya kuvutia, fyuzi, mkanda wa injini na oili. Winchi kwa safari hii naiona ni ya hiari, sehemu nyingi huna mti wa kuifunga.

Nakushauri uzunguke kinyume cha saa, yaani uingie kwa Mineral Bottom na utokee Shafer, ingawa wengi hufanya kinyume. Sababu yangu ni kwamba upande wa mto Green ndio wenye mashaka zaidi: mto ukijaa katika machipuko maji hupanda juu ya njia karibu na Potato Bottom, na kilima cha Hardscrabble kina kona usizoona mbele. Ukianza nako, unagundua mapema kwamba hapapitiki, huku tangi limejaa na mlango wa kurudia ukiwa karibu. Anayeanzia Shafer hugundua hayo baada ya kumaliza sehemu kubwa ya mzunguko, naye hulazimika kurudi yote. Hasara ya mpango wangu ni moja: kwa jumla bonde linakuwa kulia kwako, na usukani wa Marekani uko kushoto, kwa hiyo gurudumu lililo upande wa genge ndilo usiloliona. Sisi tuliojifunzia magari ya usukani wa kulia tunalikosea zaidi gurudumu hilo.

Ndiyo maana pale kwenye mpando mkali wa Murphy Hogback simamisha gari chini, vuta breki ya mkono, na upande mlima kwa miguu kwanza. Ukishaanza kupanda, kwa muda utaona boneti na anga tu, na njia ni ya gari moja. Ukiwa umeitembea unajua ni jiwe lipi la kulikwepa na kona iko wapi, na unajua kwamba hakuna anayeshuka. Kwa kuwa huna mtu wa kukuelekeza kwa mikono nje ya gari, miguu yako ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Kuhusu mtu wa kujua ulipo, usimpe jukumu hilo mama aliyeko Tanga. Tofauti ya saa tisa au kumi itamkosesha usingizi bure, naye hawezi kuipigia simu hifadhi ya Utah. Chagua mtu aliye Marekani, mtulivu, umwachie karatasi yenye namba ya gari, rangi yake, kambi ya kila usiku, njia utakayotokea, na saa kamili ambayo asipokusikia apige simu hifadhini na kwa sherifu. Saa hiyo msiibadilishe kwa huruma. Mwaka 2003 mpanda milima Aron Ralston alibanwa mkono na jiwe katika korongo la Bluejohn, upande wa magharibi wa eneo hili, akiwa hajamwambia mtu anakokwenda; alikaa siku tano, na mwishowe aliukata mkono wake mwenyewe ili atoke. Kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe kibebe pia, lakini kijaribu mahali palipo wazi, kwani kuta za korongo huficha anga na ujumbe unaweza kuchukua dakika nyingi kutoka. Kumbuka vilevile kwamba kuokolewa wewe na kuokolewa gari ni mambo mawili: brekidauni ya kutoka huko hupita dola 1,000 kwa urahisi, na bima nyingi za msaada wa barabarani hazigusi njia zisizo na lami.

Maze iache kwa sasa. Kutoka barabara kuu namba 24 hadi kituo cha askari wa hifadhi cha Hans Flat ni kilomita 74 za vumbi, na hapo ndipo ugumu unaanza, kwa mteremko wa Flint Trail ambao ukilowa haupitiki. White Rim katika msimu mzuri utapishana na wapanda baiskeli na magari mengine kila siku. Maze unaweza kukaa usimwone mtu. Huko mimi siendi bila gari la pili, na kama utapata mwenzako wa kwenda naye mwaka ujao, niandikie aina ya magari yenu na mwezi mnaoufikiria, tuanze na kibali.