Hiyo karatasi imetoka kitabu gani?

Barua nyingi safari hii zinahusu khati na misahafu ya kale. Nimechukua tano.

Mwalimu, nilipokuwa Istanbul nilinunua karatasi ya Kiarabu yenye picha ya wanajimu wakitazama nyota, imetiwa dhahabu. Muuzaji alisema ina miaka 700. Nikiiuza nitapata kiasi gani? (Dar es Salaam)

Sikadirii bei. Nimelisema hili hapa mpaka nimechoka, na bado kila mwezi barua za "nitapata kiasi gani" ndizo zinazojaa. Tafuta mtu anayejua Kiarabu akusomee maneno yaliyoizunguka picha. Kama wanajimu wanatazama nyota huku maandishi yanazungumzia udhu au mirathi, jibu unalo: mtu wa juzi amechana kitabu cha kweli cha fiqhi ambacho hakikuwa na mnunuzi, akachora juu yake kitu cha kumvutia mtalii. Angalia na matundu ya wadudu. Rangi ikiwa imezama kwenye kingo za tundu, ujue tundu lilitangulia na picha ikafuata. Picha ni ya uongo lakini kitabu kilichouawa kwa ajili yake kilikuwa cha kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Misahafu ya Kikufi, ile khati ya kale yenye herufi za pembepembe, haina irabu. Waliisomaje? (Mombasa)

Mingi inazo. Vile vitone vyekundu ndizo irabu zenyewe: kitone juu ya herufi ni fataha (a), chini yake kasra (i), ubavuni mwake dhumma (u). Utaratibu huu hunasibishwa na Abul-Aswad ad-Du'ali, mwanazuoni wa nahau. Isitoshe, msomaji wa zama zile alikuwa amehifadhi, na msahafu ulikuwa wa kumkumbusha tu.

Miduara ya dhahabu pembeni mwa kurasa ni ya nini? (Tanga)

Kuhesabia aya, kumi kumi. Penye aya ya tano mara nyingi utaona herufi haa (ه) ya dhahabu, kwa kuwa kwenye abjadi, yaani hesabu ya kutumia herufi, haa hii ni tano.

Kwa nini msahafu mmoja uwe vipande vipande katika nchi mbalimbali? (Muscat)

Kwa sababu karatasi ishirini huleta wanunuzi ishirini, na kitabu kizima huleta mmoja.

Utazame ule Msahafu wa Buluu wa karne ya 9 au ya 10, ambao wengi huunasibisha na mji wa Kairouan, Tunisia. Ni ngozi iliyotiwa nili, ikaandikwa Kikufi cha dhahabu, mistari 15 kwa ukurasa, na alama za aya zilikuwa za fedha ambayo sasa imefifia ikawa nyeusi. Sehemu kubwa iko Tunisia. Karatasi nyingine utazikuta Dublin na New York. Mfanyabiashara wa Paris, Georges Demotte, alifanya makubwa zaidi mwanzoni mwa karne ya 20. Aliipata Shahnama (utenzi wa wafalme wa Iran) kubwa iliyoandikwa huko Iran katika miaka ya 1330, akaifumua auze picha moja moja, na karatasi yenye picha pande zote mbili akaipasua katikati ya unene wake ili apate mbili.

Kinachopotea ni zaidi ya mpangilio. Mwandishi huweka jina lake na mwaka mwishoni mwa kitabu. Msahafu wa mwandishi Ibn al-Bawwab wa Baghdad, ulioandikwa kwa Naskhi, khati ya herufi za mviringo, mwaka 391 Hijria, tunaujua kwa mwaka na kwa mwenyewe kwa sababu maneno hayo yamesalimika nao. Kule Kairouan, mwaka 410 Hijria, Ali bin Ahmad al-Warraq aliandika msahafu, akautia irabu, akaupamba kwa dhahabu na kuujalidi, chini ya usimamizi wa mwanamke, Durra, katibu. Fatima, mlezi wa mtawala, ndiye aliyeutoa wakfu kwa Msikiti Mkuu. Na huo nao karatasi zake zimetawanyika! Wakfu hauuzwi, hata kwa aliyevaa tai mnadani. Na anayekwambia "chukua tu, kitabu kilishavunjika" anatafuta fedha ya kukivunjia kingine.

Shikamoo mwalimu. Msahafu wa babu, ulioandikwa Siyu kisiwani Pate, karatasi zinaachia. Nitie selotepu au nizifunge kwenye plastiki ya moto? (Lamu)

Marahaba. Usifanye lolote kati ya hayo. Niliwahi kuletewa karatasi ya Siyu iliyobandikwa selotepu na fundi wa fremu. Nilipoinua ncha tu, neno zima la wino mwekundu lilinyanyuka na gundi, likabaki kwenye selotepu limegeuka kama linavyoonekana kwenye kioo. Nililia. Plastiki ya moto ndiyo mbaya zaidi, haibanduki tena.

Misahafu ya Siyu, yenye nakshi nyekundu, njano na nyeusi, mingi ni ya karne ya 18 na ya 19, na inastahili heshima ileile ya ile ya Baghdad. Ziache karatasi zilivyo. Zikichanganyika, tazama chini ya ukurasa wa kulia: mara nyingi mwandishi ameweka pale neno la kwanza la ukurasa wa kushoto. Zifunge kwa kitambaa safi cha pamba, uweke sandukuni mbali na jua na ukuta wenye unyevu, na ufunue mara kwa mara kuangalia mchwa. Piga picha kila ukurasa. Kisha zihesabu zote mbele ya ndugu zako na muandike idadi, kabla hajafika mgeni wa kuomba auziwe moja tu ya ukumbusho.