AC ya gari haipulizi? Usikimbilie kujaza gesi

Februari ya mwaka jana nilikwenda kumpokea mama Stendi ya Magufuli, akitokea Tanga. Saa nane mchana, foleni ya Kimara haisogei, AC nimeifungulia mpaka mwisho, na kinachotoka kwenye matundu ni kijipumzi tu. Mama ana presha. Alilegeza mtandio, akawa anajipepea kwa bahasha ya vyeti vyake vya hospitali, kimya, mpaka tulipofika Ubungo akasema: "Mwanangu, fungua tu vioo." Iliniuma sana.

Kesho yake nikapeleka gari kwa fundi. Hakuuliza swali hata moja. Akaunganisha geji, akafungua mtungi, akajaza gesi, nikalipa elfu sitini. Hewa ilipoa zaidi kidogo, lakini kijipumzi kikabaki kilekile. Naandika haya kwa sababu kila nikiongea na wenye magari nasikia habari hiyohiyo: AC haina nguvu, basi jaza gesi.

Kazi ya gesi ni kupoza. Anayekuletea hewa usoni ni feni iliyojificha chini ya dashibodi, ile mafundi wanayoiita blowa. Gari lisilo na gesi hata chembe bado linatakiwa kupuliza kwa nguvu, ila litapuliza joto. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, zima kitufe cha AC, acha feni peke yake, ipandishe mpaka mwisho, kisha weka kiganja kwenye tundu la katikati. Kama upepo ni mkali lakini ukiwasha AC haupoi, hapo nenda kazungumze habari za gesi. Kama upepo wenyewe haupo, tafuta kilichouziba.

Kwangu ilikuwa filta, yaani chujio la hewa ya AC. Gari langu ni Premio ya 2008, na kwenye Toyota nyingi za aina hii filta ya AC imekaa nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria tunachowekea kadi ya gari na makaratasi. Toa vitu vyote, chomoa kamkono kembamba ka plastiki kalikokishika pembeni, bana kuta zake mbili ziingie ndani, kisanduku chote kinashuka. Nyuma yake utaona kifuniko cha plastiki kirefu, chembamba. Bisibisi haihitajiki.

Nilivuta filta taratibu na bado vumbi lilinimwagikia mapajani. Filta ilikuwa ya kijivu kilichokolea, mikunjo imejaa kitu laini kilichoshikana kama sufi ya mto wa zamani. Ndani yake kulikuwa na vijani vya mwarobaini, ule ninaoegesha gari chini yake, mbawa za kumbikumbi, na sindano kavu za msonobari. Huku Tabata kwetu hakuna msonobari hata mmoja. Miaka minne nimebadilisha oili bila kuchelewa, na kumbe filta hii hakuna aliyeigusa tangu Japani.

Niliwasha feni bila filta kwa dakika moja tu, kupima. Karatasi za mama zilizokuwa juu ya kiti zikaruka. Nikajua ugonjwa ni huo, nikanunua mpya Ilala kwa shilingi 15,000. Ukirudisha, fuata mshale uliochorwa ubavuni. Wala usiifue ya zamani kwa maji na sabuni. Karatasi yake ikilowa inashikana na kuharibika. Mimi sasa naibadilisha kila kilomita 10,000, na nikitoka safari ya barabara ya vumbi naichungulia.

Je, ukitoa filta na upepo bado ni dhaifu? Sikiliza feni. Ikivuma kwa kelele lakini hewa ni kidogo, kuna kilichoziba mbele yake, mara nyingi ni evaporeta, kile kifaa chenye mapezi kinachopoza hewa ndani ya dashibodi, iliyovaa tope la vumbi na unyevu. Yapo magari yaliyokuja bila filta kabisa, nafasi iko tupu, na hayo ndiyo yanayoumwa zaidi ugonjwa huu. Kuosha evaporeta ni kazi ya fundi mwenye dawa yake ya povu. Akishika brashi ya waya mzuie, yale mapezi ni ya alumini nyembamba, yakilala hewa haipiti tena.

Feni ikivuma kinyonge, tatizo ni mota yake au umeme unaoifikia. Ikiwa inafanya kazi namba ya juu tu na nyingine zimekufa, kwa magari ya swichi ya kuzungusha ni resista, kipuri kidogo kisicho na bei kubwa. Fuse ikiungua, usikubali kuwekewa kubwa kuliko iliyoandikwa. Nyaya zitapata moto kabla ya fuse kukata.

Kuna hali moja inayochanganya. Kaka yangu ana Noah. Akitoka Dar upepo ni mzuri, akikaribia Chalinze unapungua mpaka unakata. Hiyo ni evaporeta kuganda barafu. Nilimwambia azime kitufe cha AC aache feni ikizunguka, na baada ya robo saa upepo ukarudi, maji yakidondoka chini ya gari. Kwake ilikuwa sensa ya evaporeta, ile inayopima ubaridi wake, imekufa. Hapa gesi nayo inaweza kuhusika, maana ikipungua evaporeta huweza kupoa kupita kiasi na kuganda, kwa hiyo mwambie fundi apime presha kwanza, asiongeze kwa kukisia.

Na ukikuta kapeti la abiria limelowa, bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Lizibue mapema, kabla maji hayajafika kwenye soketi za umeme zilizo chini ya kapeti.