Maswali yenu: damu kuganda kwenye utumbo baada ya korona

Wiki hii nimechagua haya machache, mengine ni yale yale tu.

Dokta, korona si ya mapafu? Utumbo unaingiaje?
Unaingia sana. Kirusi kinapenya kwenye seli kupitia protini inaitwa ACE2, na hiyo imejaa kwenye utumbo mwembamba, halafu ipo pia kwenye kuta za ndani za mishipa ya damu. Ukuta ukishaumia na damu nayo inaganda kwa urahisi sababu ya ugonjwa, mgando unatokea, ukiziba ateri inayolisha utumbo basi utumbo unaanza kufa ndani ya masaa, masaa sio siku. Ukiziba vena, mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye utumbo, inakwenda taratibu, maumivu yanaweza kujijenga siku kadhaa. Ni nadra, sikatai.

Nimepona korona wiki iliyopita, jana tumbo limenikamata vibaya, nimemeza dawa za vidonda vya tumbo. Niongeze dozi?
Usiongeze kitu, nenda hospitali sasa hivi, hata kusoma hapa acha. Jamani nishachoka na hili! Kila tumbo likiuma ni vidonda, au gesi, mtu anameza dawa ya maumivu analala. Dalili kubwa ya huu ugonjwa ndio hiyo hiyo inayowadanganya: mgonjwa anagaragara kwa maumivu ila tumbo ukilibonyeza ni laini, eti hamna kitu. Likishakuwa gumu, au anaharisha damu, mmeshachelewa. Na huko mapokezi sema mwenyewe kwamba ulikuwa na korona, usisubiri uulizwe.

D-dima yangu iko juu, ndio nina mgando tumboni?
Sio lazima. D-dima ni kipimo cha damu kinachopima mabaki ya mgando, na korona yenyewe inaipandisha, mimba pia, upasuaji pia, hata umri. Kinachoonyesha ni CT skani yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Ultrasaundi mara nyingi gesi ya tumbo inaficha.

Nimeze aspirini kila siku nijikinge?
Nani kakwambia? Jaribio la RECOVERY la Uingereza liliwapa aspirini wagonjwa wa korona waliolazwa, majibu yakatoka 2021, vifo havikupungua, waliovuja damu ndio waliongezeka kidogo.

Chanjo ndizo zinagandisha damu, mbona mnaficha?
Nani kaficha? Tangu 2021 inajulikana kuwa AstraZeneca na Johnson & Johnson kwa watu wachache sana zilileta migando huku chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka, wengine kichwani wengine tumboni. Korona yenyewe inagandisha damu za watu wengi zaidi, hilo hamuulizi.

Utumbo ukishakufa dawa inaurudisha?
Hapana, unakatwa. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kutoa mgando vinaokoa utumbo kwa anayewahi.

Mama alitibiwa mgando, sasa anajisikia vizuri, aache vidonge vya kuzuia damu kuganda?
Asithubutu. Kawaida ni miezi 3 hadi 6, na wa kumwachisha ni daktari wake, sio wewe wala jirani.